Motokaa Itetemekapo na Kugonga: Habari za Ugonjwa wa Gurudumu la Mbele

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema habari za ugonjwa mmoja wa motokaa ambao wengi wenu mmekwisha kuuona, ijapokuwa labda hamkujua ya kuwa nao una historia yake. Motokaa kuukuu yaenda vizuri barabarani, na dereva ameshika usukani bila wasiwasi. Mara gurudumu la mbele laingia katika shimo dogo. Hapo usukani waanza kutetemeka mikononi mwake, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, hata mikono yake yatikisika mpaka mabegani. Na chini ya sakafu kwasikika kitu kinagonga: ko, ko, ko. Dereva apunguza mwendo, mtetemeko watulia, abiria wacheka, na safari yaendelea. Kesho yake mambo ni yale yale.

Sisi tukaao Pasiansi, kaskazini ya mji wa Mwanza, tuliishi na motokaa ya namna hiyo kwa muda wa miezi mingi. Ilikuwa Land Rover kuukuu, mali yetu sisi walimu pamoja na majirani kadha wa kadha tuliochanga fedha kuinunua. Kazi yake ilikuwa kuchukua wagonjwa usiku, kuleta mahindi na mbao, na siku nyingine kuwapeleka waimbaji wa kanisani Magu na kuwarudisha. Habari za ugonjwa wake tutazisimulia. Lakini kwanza hatuna budi kurudi nyuma, maana mtu asiyejua jinsi gurudumu la mbele lilivyopata kuwa kama lilivyo, hawezi kufahamu kwa nini latetemeka.

Tazameni kwanza gari la kukokotwa na wanyama, kama lile la kale la huko Ulaya. Magurudumu yake mawili ya mbele yalishikwa na mti mmoja, au chuma kimoja, ambao twauita ekseli. Gari lilipotaka kugeuka, ekseli yote iligeuka pamoja na magurudumu yake juu ya msumari mkubwa mmoja uliokuwa katikati. Jambo hilo lilikuwa rahisi, lakini lilikuwa na hatari yake, kwa kuwa gari lilipokata kona kali lilikuwa jepesi kupinduka. Katika miaka ya 1816 na 1817 fundi mmoja wa magari huko Munich, jina lake Georg Lankensperger, alivumbua njia nyingine: ekseli itulie mahali pake bila kugeuka, na kila gurudumu lipewe msumari wake mwenyewe kwenye ncha ya ekseli, kisha magurudumu mawili yaunganishwe kwa fimbo ili yageuke pamoja. Wakala wake Rudolph Ackermann aliandikisha uvumbuzi huo London mwaka 1818, na hata leo mafundi wengi huuita kwa jina lake Ackermann, wakamsahau yule aliyeuvumbua.

Uvumbuzi ule ulikaa muda mrefu kabla ya kupata kazi yake ya kweli. Karl Benz alipoandikisha motokaa yake ya kwanza huko Ujerumani, tarehe 29 Januari, 1886, aliipa magurudumu matatu tu, moja mbele na mawili nyuma. Kwa nini? Kwa sababu hakuridhika bado na njia zilizokuwapo za kugeuza magurudumu mawili ya mbele. Ilipofika mwaka 1893 ndipo alipotengeneza motokaa ya magurudumu manne, kila gurudumu la mbele likiwa na msumari wake. Msumari huo, ambao gurudumu hugeukia juu yake kama mlango ugeukavyo juu ya bawaba, ndio ambao mafundi wetu huuita kingipini.

Hapa tuangalie neno moja lenye maana kubwa. Gari la kale lilikuwa na kiungo kimoja tu cha kugeukia. Motokaa mpya ilikuwa na viungo vingi: kingipini mbili, fimbo iunganishayo magurudumu, viungo kwenye ncha za fimbo, na fimbo nyingine itokayo kwenye usukani. Kila kiungo kilichoongezwa kilileta faida. Lakini kila kiungo pia ni mlango wa ulegevu. Habari yote tutakayoisimulia leo ni habari ya milango hiyo.

Sasa tuje huku kwetu. Motokaa ilipoingia nchi hii, haikukuta barabara, bali ilikuta njia za wapagazi. Tarehe 10 Agosti, 1907, afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na motokaa iliyotengenezwa na kiwanda cha Gaggenau, akakusudia kuvuka Afrika yote kutoka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Alipita Tabora, akashuka kusini, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei, 1909. Safari ilimchukua siku 630. Njiani injini ilivunjika ikabidi kungojea vyuma vipya kutoka Ulaya, na mara nyingi si motokaa iliyomchukua Graetz, bali ni watu wa nchi walioivuta motokaa kwa kamba katika mito na matope. Ndivyo ilivyokuwa mwanzo wa jambo hili: chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya barabara za Ulaya kiliwekwa juu ya ardhi ya Afrika, na viungo vyake vikajibu.

Mwanza yenyewe, ambayo Wajerumani waliweka boma lao mwaka 1892, ilipata vitu vizito kwa njia ya ziwa kabla ya kuvipata kwa njia ya nchi kavu. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo meli zilileta mizigo kutoka Kisumu hadi bandari za ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Baada ya hapo malori yalizidi kuingia Usukumani, na kazi yao kubwa ikawa kuchukua pamba kutoka vijijini hadi kwenye vinu vya kuchambulia. Yaliyoanza kazi hiyo mikononi mwa wafanyabiashara yaliendelea nayo mikononi mwa vyama vya ushirika, hasa baada ya mwaka 1955, wakulima walipounda umoja wao mkubwa wa vyama vya Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Na njia ambazo malori yale yalipita mwazijua. Wakati wa masika ni udongo mweusi wa mbuga, ambao hushika gurudumu kama ugali ushikavyo mwiko. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka ikafanya makunyanzi kama ya bati, na kila kunyanzi ni nyundo ndogo impigayo kila apitaye. Mtu akienda kilomita 10 juu ya makunyanzi hayo, gurudumu lake limepigwa mara maelfu. Si ajabu basi kwamba mafundi wa kandokando ya ziwa hili walijifunza habari za viungo vya mbele kabla ya kujifunza habari nyingine.

Lakini ugonjwa wa kutetemeka haukuanzia huku, wala hauletwi na barabara mbovu peke yake. Kati ya mwaka 1920 na 1930 uliwasumbua sana wahandisi wa Ulaya na Marekani katika barabara zao nzuri, na sababu yake ilikuwa maendeleo yenyewe. Kwanza, breki ambazo zamani ziliwekwa kwenye magurudumu ya nyuma tu, sasa ziliwekwa na mbele pia, na kwa hiyo uzito uliongezeka kwenye ncha za ekseli. Pili, mwaka 1923 kampuni ya Firestone ilianza kuuza matairi manene yenye upepo wa nguvu ndogo, laini kama mto wa kulalia. Watu walifurahi kwa kuwa hayakuwarusha kama matairi membamba ya zamani. Kumbe furaha ile ilikuwa na bei yake. Motokaa zilizokuwa zimetulia zilianza kutetemeka mbele zilipofikia mwendo fulani, na waliozitengeneza hawakujua kwa nini.

Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa, Georges Broulhiet, aliandika habari za jambo hili kwa hesabu, na wengine huko Ujerumani na Marekani wakafuata. Walichogundua twaweza kukieleza bila hesabu, kwa vitu mnavyovijua.

Mtoto achezapo pia, akiisha kuizungusha kwa kamba husimama yenyewe. Lakini ukiigusa kichwani kutaka kuiinamisha, haianguki upande ule ulioisukuma, bali hugeuka kando. Gurudumu lizungukalo lina tabia ileile. Gurudumu la kushoto likipanda juu ya jiwe, ekseli nzima huinama, na magurudumu yote mawili huinama pamoja nayo kwa kuwa yameshikwa na chuma kimoja. Basi kama pia, hujibu kwa kugeuka kando, usukani huvutwa. Na yakigeuka kando, huiinamisha tena ekseli upande wa pili. Hivyo kuinama huleta kugeuka, na kugeuka huleta kuinama. Ni kama watu wawili wanaogombana, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa nini basi mtetemeko huja katika mwendo fulani tu? Fikirini bembea. Ukimsukuma mtoto wakati usiofaa, bembea hutulia. Ukimsukuma kila arudipo, hata kwa kidole kimoja, hupanda juu sana. Gurudumu la motokaa kama yetu lina mzingo wa yapata mita 2 na nusu. Mwendo ukiwa kilomita 60 kwa saa, motokaa huenda karibu mita 17 kwa sekunde, na gurudumu huzunguka karibu mara 7 katika sekunde moja. Kama upande mmoja wa gurudumu ni mzito kuliko mwingine, huo ni msukumo mara 7 kwa sekunde. Na ikiwa ekseli juu ya matairi yake laini yapenda kucheza mara 7 kwa sekunde, basi bembea imepata msukumaji wake. Ongezeni mwendo au upunguzeni, msukumo utakuja wakati usiofaa, na mtetemeko utatulia.

Dawa walizozipata wahandisi zilikuwa za namna mbili. Wengine waliiacha kabisa ekseli ya chuma kimoja, wakaliacha kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake. Kiwanda cha Lancia cha Italia kilionyesha motokaa ya namna hiyo mwaka 1922. Huko Marekani, mhandisi Maurice Olley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Motors, aliuchunguza sana mtetemeko huu, na mwaka 1934 kampuni ile ilianza kuuza motokaa za magurudumu yaliyoachana hivyo. Tangu hapo motokaa ndogo za mjini ziliufuata mtindo huo, na ugonjwa wetu ukapungua sana kati yao.

Lakini ekseli ya chuma kimoja haikufa. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948, ilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, kwa kuwa ekseli hiyo ina nguvu, hutengenezeka kwa spana chache, na huvumilia mashimo. Toyota Land Cruiser za kazi za mashamba na porini zimeishika desturi hiyo hata leo. Ndiyo maana ugonjwa ambao watu wa miji mikubwa ya Ulaya wamekaribia kuusahau, huku kwetu bado ungali hai. Hata ndege hazikuachwa. Gurudumu la mbele la ndege nalo laweza kutetemeka ishukapo, na kwa hiyo ndege nyingi huwekewa chombo maalumu cha kuuzuia mtetemeko huo. Watoto wa Pasiansi waonao ndege zikishuka katika uwanja wa Mwanza, huona mbele yao ugonjwa uleule na dawa yake, ijapokuwa hawajui.

Dawa ya namna ya pili ndiyo itufaayo sisi wenye ekseli nzima. Wahandisi walifahamu kwamba mtetemeko hauwezi kukua mahali ambapo viungo vimekaza kwa kadiri yake. Kila kiungo kinachosuguana vema hula nguvu ya mtetemeko, kama mchanga ulavyo nguvu ya wimbi lifikapo ufukoni. Kadhalika kingipini haisimamishwi wima kabisa, bali huegeshwa nyuma kidogo, ili gurudumu lifuate kama mtumbwi uliofungwa kamba nyuma ya mtumbwi mwingine. Mtumbwi uvutwao hufuata kwa unyofu. Mtumbwi usukumwao kwa nyuma hupotea huku na huku. Lakini kiungo kikilegea, gurudumu limepata nafasi ya kucheza kabla halijashikwa. Nafasi ile ikiwa hata unene wa ukucha, yatosha kuanzisha magomvi tuliyoyasema. Na kila gurudumu lifikapo mwisho wa nafasi ile, chuma hupiga chuma. Ndiyo ile ko, ko, ko.

Basi, wasikilizaji wetu, hilo ndilo tunalotaka mlishike leo kuliko mengine yote: kutetemeka na kugonga mara nyingi si magonjwa mawili, bali ni ugonjwa mmoja wenye sauti mbili, na jina lake ni ulegevu. Mtetemeko huonekana, kwa hiyo watu hukimbilia kuutibu. Mgongo wa chuma hausumbui sana, kwa hiyo watu huuzoea. Nao ndio usemao kweli.

Turudi sasa kwenye motokaa yetu. Ilipoanza kutetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi, tuliipeleka kwa fundi wa kwanza. Yeye aliyatazama matairi, akasema yamekwisha kwa upande mmoja. Alisema kweli, maana yalikuwa yameliwa vipande vipande kama mhogo ulioguguniwa na panya. Tulichanga fedha tukanunua matairi mawili mapya, yakasawazishwa uzito wake kwa vipande vidogo vya risasi. Mtetemeko ukatoweka, nasi tukafurahi. Baada ya wiki chache ukarudi, na matairi mapya yakaanza kuliwa kama yale ya zamani. Hatukujiuliza swali lililopasa: ni kitu gani kilichoyala matairi ya kwanza?

Fundi wa pili alitufungia shokapu ya usukani, yaani chombo cha mafuta kama bomba, kinachozuia fimbo ya usukani isiende kwa haraka huku na huku. Ni chombo chema, na motokaa nyingi huwa nacho tangu kiwandani. Mtetemeko ukanyamaza kabisa. Lakini mgongo uliendelea, na kila mwezi ulizidi: barabarani penye mashimo, kwenye breki, na wakati wa kuingia kona ya kulia. Dereva wetu, mtu wa maneno machache, alisema mara mbili kwamba gurudumu la kushoto halimpendezi. Sisi tulimjibu kwamba motokaa haitetemeki tena, basi atake nini zaidi? Tukaendelea kuwapakia ndani mama wajawazito na waimbaji.

Mwishowe tulimwendea mzee mmoja aliyejifunza ufundi ujanani mwake kwenye malori ya pamba. Tulipomwamkia na kumweleza habari zote, hakuomba spana. Aliomba jeki, magogo mawili na kijana mmoja. Akaliinua gurudumu la kushoto, akaiegemeza ekseli juu ya magogo, akalishika gurudumu kwa juu na kwa chini, akalitikisa. Likacheza, na sote tukaisikia ile ko. Akamwambia kijana, "Kanyaga breki, usiiachie." Akatikisa tena, likacheza vilevile. Ndipo alipotugeukia akasema, "Walimu wangu, mgonjwa huyu aliwaambia kila siku mahali anapoumwa, nanyi mkamziba mdomo."

Kilichomo kilipofunguliwa, kila mtu alikiona. Katika motokaa ya aina ile kingipini ya juu hukaa ndani ya bushi, na ya chini hukaa juu ya beringi ndogo. Sili inayozuia matope ilikuwa imechanika zamani. Maji ya mbugani yaliingia, grisi ikaoshwa, bushi ikalika hata tundu lake likawa na umbo la yai, na beringi ikaota kutu. Kiungo kimoja cha fimbo ya usukani nacho kilikuwa kimelegea. Mzee aliweka vipya, akapunguza vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita shimu mpaka kingipini ikakaza kwa kadiri, kisha akapima ukazo wake kwa mizani ya kuning'iniza, ileile wapimiayo samaki pale mwaloni. Vyuma vyote alivyovinunua havikufikia bei ya tairi moja. Tangu siku hiyo motokaa ilinyamaza, mtetemeko na mgongo pia.

Alichokifanya mzee yule kina utaratibu, na twapenda wanafunzi waujue, maana ni utaratibu wa kila mtu atafutaye ukweli: kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza: je, mgongo wafuata nini? Simamisha motokaa, uongeze mwendo wa injini. Ukiusikia mgongo hapohapo, tafuta katika injini, usiyasumbue magurudumu. Ukisikika mara moja tu unapoondoka au unapobadili gia, shuku spaida za propela. Ukiongezeka kwa kadiri ya mwendo wa magurudumu, shuku gurudumu, tairi au beringi. Ukija kwenye mashimo tu, shuku springi, bushi zake, shokapu na viungo vya usukani. Ukija wakati wa breki au kona, shuku kitu kilicholegea upande ule uliolemewa. Motokaa yetu ikiingia kona ya kulia, uzito wake uliegemea kushoto. Hata kona ilitutajia upande wa ugonjwa.

Swali la pili: je, nati za gurudumu zimekaza? Mtu asicheke. Nati zilizolegea hutetemesha na kugonga kama tulivyoeleza, na mwisho wake ni gurudumu kuondoka peke yake barabarani. Zikazwe kwanza kabla ya jambo lolote.

Swali la tatu: je, gurudumu ni safi na la mviringo? Wakati wa masika udongo mweusi huganda ndani ya ringi na kukauka kama tofali, na motokaa nzima ya jana ikatetemeka leo. Dawa yake ni maji na kijiti tu. Tazama pia kama tairi lina uvimbe. Likiwa nao, ni hatari, libadilishwe.

Swali la nne huulizwa kwa mikono. Weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua gurudumu la mbele, na uiegemeze motokaa juu ya kitu imara; asiingie mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, utikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, ni kingipini. Kisha shika kushoto na kulia, utikise. Likicheza hapo, mwenzako auchezeshe usukani kidogo kidogo huku na huku, nawe weka kidole kwenye kila kiungo cha fimbo. Jicho laweza kudanganyika, lakini kidole hukisikia kiungo kilicholegea. Mwisho, motokaa ikiwa juu ya magurudumu yake, tazama springi na boliti zake, na boliti zishikazo sanduku la usukani.

Hayo yote yakiisha, na viungo vyote vikiwa vimekaza, ndipo upeleke magurudumu yakasawazishwe na alaimenti ikapimwe. Na ndipo ufunge shokapu ya usukani ukipenda. Tulichokosea sisi ni kuanza na mambo ambayo ni ya mwisho.

Na kama mtetemeko ukikukamata njiani, usikanyage breki kwa ghafula. Ushike usukani kwa nguvu bila kushindana nao, uachie mafuta, uache mwendo upungue taratibu, kisha usimame kando ya barabara ukague. Usiseme, "Imetulia, twende."

Wasikilizaji wetu, wahandisi wa miaka ile ya 1920 walikuwa na elimu nyingi, lakini hata wao hawakujua sababu mara moja. Walipata dawa siku walipoacha kuuliza, "Tutaunyamazishaje mtetemeko?" wakauliza, "Mtetemeko huu watoka wapi?" Sisi wa Pasiansi tulirudia kosa lao karibu miaka mia baadaye, tukiwa na abiria ndani. Twamshukuru Mungu hakuumia mtu. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulikuwa tumeyaficha maradhi yetu kwa bomba la mafuta, tukaliita jambo hilo kupona.

Dereva wetu bado yupo, na motokaa bado yaenda Magu na kurudi. Siku hizi akisema kwamba gurudumu halimpendezi, hakuna apandaye mpaka jeki itolewe.